Kufufua kifurushi cha Python kilichoachwa ndani ya Debian: kinagoma kwenye 3.13, nianzie wapi?

mlinzi_wa_tawi

Habari zenu wakuu.

Kuna kifurushi cha Python, hapa nitakiita python-mfano, kilichokuwemo Debian 12 (bookworm) lakini hakimo Debian 13 (trixie). Kwenye unstable (tawi la Debian linalopokea matoleo mapya kwanza) bado kipo. Aliyekuwa anakitunza amekiachia: sehemu ya Maintainer inasomeka Debian QA Group, na ripoti yake ya wnpp (orodha ya vifurushi vinavyohitaji mtunzaji au kazi) inaanza na `O:`, yaani kifurushi yatima. Nataka kukichukua. Ni maktaba ya kusoma fomu na viambatisho vya HTTP, karibu yote ni Python tupu, isipokuwa faili moja la C, `src/_haraka.c`, lililowekwa kuongeza kasi.

Nikijenga kwa sbuild (chombo kinachojenga kifurushi ndani ya chumba safi, kilichotengwa) kwenye unstable, kwanza inakufa hapa:

```
src/_haraka.c:88:12: error: implicit declaration of function 'PyEval_CallObject'
```

Nikiliweka kando hilo la C, majaribio nayo yanaanguka:

```
ModuleNotFoundError: No module named 'cgi'
AttributeError: 'TestFomu' object has no attribute 'assertEquals'
```

Toleo lililopo Debian ni 2.1. Mradi wenyewe umeshafika 2.4.1, una `pyproject.toml` na unatumia setuptools_scm (inayosoma namba ya toleo kutoka git). Faili la tar lililoko PyPI (ghala la vifurushi vya Python) halina folda ya `tests`. Nirekebishe 2.1 kwanza kisha nipande, au nirukie 2.4.1 moja kwa moja? Na nikishapanda, nitajuaje kwamba sijavunja vifurushi vya wengine vinavyokitegemea?

---

fundi_salsa

Karibu ndugu, kazi hii inahitaji mikono.

Rukia 2.4.1. Ukianza kuitibu 2.1 utaandika viraka ambavyo wenye mradi huenda walishavimaliza zamani, na wiki ijayo utavitupa. Ingiza toleo jipya, jenga, halafu tibu kitakachobaki.

Kabla ya msimbo, maliza taratibu. Badilisha ile ripoti ya `O:` iwe `ITA:` (nia ya kukichukua) ili mtu mwingine asianze kazi hiyohiyo bila kujua. Barua moja kwa control@bugs.debian.org inatosha, weka namba ya ripoti mahali pa NNNNNN:

```
retitle NNNNNN ITA: python-mfano -- kichwa kilekile cha zamani
owner NNNNNN !
thanks
```

Kisha omba kujiunga na timu ya Python. Hifadhi zake ziko Salsa (seva ya git ya Debian) chini ya `python-team/packages`. Ombi linakwenda kwenye orodha ya barua ya debian-python: taja jina lako la Salsa, eleza unataka kutunza nini, na useme wazi kwamba umeisoma sera ya timu na unaikubali. Hilo la mwisho usiliache. Kwenye `debian/control` timu inakaa kwenye Maintainer, wewe unakaa kwenye Uploaders.

Sasa tar. Ukosefu wa `tests` kwenye PyPI si jambo dogo. Ujenzi utapita bila jaribio hata moja, na wewe utadhani kifurushi ni kizima. Kwenye logi tafuta mstari wa `collected 0 items` au `Ran 0 tests`. Ukiuona, jua hujapima chochote. Hamisha `debian/watch` (faili linalosema matoleo mapya yatafutwe wapi) itoke PyPI ielekee kwenye lebo za git:

```
version=4
opts="mode=git, pgpmode=none" \
 https://github.com/mradi/mfano.git \
 refs/tags/v([\d.]+)
```

Halafu:

```
gbp import-orig --uscan --pristine-tar
```

Hapo ndipo setuptools_scm itakapokukamata. Tar ya PyPI hubeba faili la `PKG-INFO` lenye namba ya toleo. Tar iliyotoka kwenye lebo ya git haina `PKG-INFO`, na ukiwa ndani ya chumba cha sbuild hakuna `.git` pia, kwa hiyo chombo hakina pa kuisoma namba. Kinaweza kukataa kabisa kujenga, na hiyo ndiyo nafuu. Kibaya zaidi ni pale mradi ulipoweka namba ya akiba, kama 0.0.0, kwa sababu ujenzi unapita, kifurushi kinaingia, na kila programu inayouliza kama mfano ni 2.0 au zaidi inajibiwa hapana. Mpe namba mwenyewe kwenye `debian/rules`:

```
#!/usr/bin/make -f
include /usr/share/dpkg/pkg-info.mk
export PYBUILD_NAME=mfano
export SETUPTOOLS_SCM_PRETEND_VERSION=$(subst ~,,$(DEB_VERSION_UPSTREAM))

%:
	dh $@ --buildsystem=pybuild
```

Ile `subst` inaondoa alama ya `~`. Debian huandika 2.5~rc1 ili itangulie 2.5 kwenye mpangilio, lakini Python haitambui `~` ndani ya namba ya toleo na itaikataa.

Baada ya kujenga, hakiki kwa macho:

```
dpkg-deb -c ../python3-mfano_*.deb | grep dist-info
```

Folda iwe `mfano-2.4.1.dist-info`. Ikisomeka kitu kingine, rudi nyuma kabla hujaenda mbele.

`Build-Depends` inakuwa hivi:

```
Build-Depends: debhelper-compat (= 13),
               dh-sequence-python3,
               pybuild-plugin-pyproject,
               python3-all-dev,
               python3-pytest <!nocheck>,
               python3-setuptools,
               python3-setuptools-scm
```

Na kwenye sehemu hiyohiyo ya chanzo, mstari mmoja wenye thamani kubwa kuliko urefu wake: `Testsuite: autopkgtest-pkg-pybuild`. Unafanya majaribio yaleyale ya ujenzi yaendeshwe tena dhidi ya kifurushi kilichosakinishwa, kila mara kitegemezi chake kimoja kinapobadilika. Ile ya zamani, `autopkgtest-pkg-python`, inajaribu `import` tu.

---

mjusi_wa_C

Naongezea upande wa C, maana ndiko kwenye mitego.

`PyEval_CallObject` ilitangazwa kuwa ya kuachwa tangu Python 3.9, ikaondolewa kwenye 3.13. Bookworm ina 3.11 na GCC 12, ndiyo maana kule hakikupiga kelele. Trixie imebeba 3.13 pamoja na GCC 14, na GCC 14 haitoi tena onyo kwa kazi isiyotangazwa, inatoa kosa. Dawa ni neno moja:

```
-    r = PyEval_CallObject(cb, args);
+    r = PyObject_CallObject(cb, args);
```

Hoja ni zilezile, tuple au NULL, na `PyObject_CallObject` ipo kwenye matoleo ya zamani pia, kwa hiyo wenye mradi wanaweza kuipokea bila kuandika `#if` yoyote. Usizime kosa kwa `-Wno-error=implicit-function-declaration`. Ukifanya hivyo ujenzi unapita, lakini kazi yenyewe haipo tena kwenye 3.13, kwa hiyo `import` inaanguka na `undefined symbol`. Kwa kazi iliyopo ila haikutangazwa ni kubaya zaidi: kikusanyaji kinakisia kwamba inarudisha `int`, yaani biti 32, wakati kinachorudi ni anwani ya biti 64. Anwani inakatwa, na programu inaanguka mahali pengine kabisa ambapo hutamtafuta mchawi wako.

Kiraka kitengeneze kwa `gbp pq import`, fanya commit, kisha `gbp pq export`. Kichwani kiwe na Description, Author na Forwarded. Forwarded weka kiungo cha ombi ulilotuma kwa mradi. Kiraka kisichotumwa kwa wenyewe kinakuwa mzigo wa kudumu, utakibeba na kukirekebisha kila toleo.

Angalia pia kwamba fundi_salsa ameandika `python3-all-dev`, si `python3-dev`. Tofauti ni hii. Kuna nyakati Debian inaunga mkono Python mbili kwa pamoja, ya sasa na ijayo. Amri ya `py3versions -s` itakuonyesha zipi. Kwa `python3-all-dev`, pybuild (chombo cha Debian cha kujenga vifurushi vya Python) inajenga `_haraka` mara mbili, na ndani ya kifurushi utaona mafaili mawili, mathalani

```
_haraka.cpython-313-x86_64-linux-gnu.so
_haraka.cpython-314-x86_64-linux-gnu.so
```

Kwa `python3-dev` unapata la chaguo-msingi tu, na dh_python3 inaandika utegemezi wa `python3 (<< 3.14), python3 (>= 3.13~)`. Siku chaguo-msingi inapohamia 3.14, kifurushi chako hakisakiniki hadi kijengwe upya, na kila kinachokitegemea kinakwama nacho. Yenye Python tupu hayana shida hii. Yenyewe yanakaa `/usr/lib/python3/dist-packages` na kutumiwa na matoleo yote.

Jambo moja zaidi, fungua `_haraka.c` utafute `char`. Kwenye amd64 `char` ina alama ya hasi, kwenye arm64, ppc64el, s390x na riscv64 haina. Msimbo kama

```
char c = soma();
if (c == -1) break;
```

unafanya kazi kwenye laptopu yako, ukifika arm64 hautoki ndani ya kitanzi kamwe. Mashine ya ujenzi itasubiri mpaka muda uishe na logi itakatika bila kosa lolote la maana. Andika `int` au `signed char`. Kama faili linasoma namba za baiti nyingi, pima pia s390x kichwani: hiyo inapanga baiti kuanzia kubwa. Upande wa Python, `struct.unpack('I', ...)` ibadilishwe iwe `'<I'` pale muundo wa data unapodai hivyo.

---

kijana_wa_seva

Samahani wakuu, swali la pembeni. Kwa nini mateso yote haya? `pip install mfano` si inamaliza?

---

fundi_salsa

Swali halali. Kwa mradi wako binafsi, tengeneza venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) na utumie pip, hakuna atakayekulaumu. Kwenye Python ya mfumo, tangu bookworm pip inakataa na kukuambia `externally-managed-environment`. Ni utaratibu wa PEP 668, umewekwa ili pip isigongane na mafaili ambayo apt inayasimamia.

Lakini ndani ya Debian kuna programu nzima, zilizoandikwa kwa Python, ambazo mtu anasakinisha kwa apt bila hata kujua ni Python. Zote zinatumia nakala moja ya kila maktaba. Ikitokea tundu la usalama, inarekebishwa nakala hiyo moja na wote wanapona kwa `apt upgrade`. Kama kila programu ingebeba ya kwake, ungelisaka tundu hilo kwenye kila programu, moja baada ya nyingine.

---

mlinzi_wa_tawi

Asanteni sana. 2.4.1 imeingia, C inajengeka kwa kiraka cha mjusi_wa_C na nimekituma kwa mradi. `assertEquals` walishaibadilisha wenyewe. Yamebaki matatu:

1. `cgi` bado inatumika mahali pamoja, `cgi.parse_header`.
2. Majaribio manne yanakataa na `Connection refused`, yote yanataja 127.0.0.1 port 9. Sijaweka proxy popote.
3. Logi ya ujenzi ina mstari huu, na ujenzi unaendelea kama kawaida: `Cannot find package that provides adabu_http. Please add package that provides it to Build-Depends or add "adabu_http python3-adabu_http" line to debian/py3dist-overrides`

Na swali la mfuko: kila nikijenga sbuild inashusha vifurushi vilevile upya, bando linayeyuka.

---

fundi_salsa

Nianze na la tatu, ndilo la hatari kwa sababu liko kimya. dh_python3 inasoma vitegemezi vya mradi kwa majina ya PyPI, halafu inatafuta kifurushi cha Debian kinachobeba kila kimoja. Isipokiona, inakuandikia ujumbe huo na kukiacha nje ya `Depends`. Mtumiaji atasakinisha salama, `import mfano` ndiyo itakayoanguka. Kumbuka Debian hukipa kifurushi jina la moduli inayoitwa kwa `import`, si jina la PyPI: PyPI wanasema PyYAML, moduli ni `yaml`, kifurushi ni python3-yaml, beautifulsoup4 inaitwa `bs4`, kifurushi ni python3-bs4. Kwa hiyo kwanza fungua msimbo uone `import` inasemaje, kisha tafuta kwa `apt-file search dist-packages/jina`. Ukikipata, kiongeze `Build-Depends`. Mara nyingi hilo peke yake linatosha, na majaribio nayo yanakihitaji. Kama kweli hakimo Debian, basi hicho ni kifurushi kingine cha kuandaa, chenye ITP yake (tangazo la nia ya kukiandaa) na foleni ya NEW (ukaguzi wa vifurushi vipya). Kukiondoa kwa kiraka ni sawa tu pale ambapo mradi wenyewe unakihesabu kuwa cha hiari.

La pili: ni pybuild inayoweka proxy ya 127.0.0.1:9 kwa makusudi, ili jaribio linalotafuta intaneti lianguke kwako badala ya kuanguka kwenye mashine za ujenzi. Sera ya Debian hairuhusu ujenzi kugusa mtandao. Yaruke kwa majina:

```
export PYBUILD_TEST_ARGS=-k "not test_pakua and not test_mbali"
```

Usiandike `-k "not mtandao"` kwa uvivu kama neno hilo linagusa majaribio mengine ambayo hayatoki nje. Taja yale manne tu, na juu yake uandike maoni ya mstari mmoja kueleza sababu. Atakayekuja baada yako hatajua.

La kwanza: ipo `legacy-cgi` PyPI, imerudisha moduli ileile, ila kwa kazi moja ndogo sioni haja ya kuvuta kitegemezi. PEP 594, pendekezo lililoiondoa `cgi` kwenye Python, yenyewe inaelekeza kwenye `email.message`:

```
from email.message import Message

m = Message()
m['content-type'] = kichwa
charset = m.get_param('charset')
```

Chunga tofauti moja. `cgi.parse_header` ilirudisha jozi, thamani na kamusi. `m.get_params()` inarudisha orodha ya jozi, ya kwanza ikiwa ni aina yenyewe, kama `('text/html', '')`. Ukiifanya kamusi moja kwa moja, `text/html` inaingia humo kama ufunguo. Kata ya kwanza: `dict(m.get_params()[1:])`.

---

bando_dogo

Kuhusu bando: sakinisha `apt-cacher-ng`. Inasikiliza port 3142 na kuhifadhi kila .deb inayopita. Tengeneza chumba cha sbuild kikiipitia:

```
mmdebstrap --variant=buildd unstable \
  ~/.cache/sbuild/unstable-amd64.tar.zst \
  http://127.0.0.1:3142/deb.debian.org/debian
```

Kwenye `~/.sbuildrc` weka `$chroot_mode = 'unshare';`. Anwani ile inabaki ndani ya sources.list ya chumba, kwa hiyo kila ujenzi unachota kwenye diski yako kwanza. GCC na Python zinashuka mara moja, kisha unalipia mabadiliko tu. Tumia `http`, si `https`, vinginevyo akiba haioni kilichomo.

Kupandisha (upload) nako ni kwepesi: `dpkg-buildpackage -S`, unatuma chanzo peke yake. Na ndivyo inavyotakiwa, kwani .deb zilizojengwa kwenye mashine ya mtunzaji haziruhusiwi kuhamia testing (tawi linaloandaliwa kuwa toleo thabiti lijalo).

---

mlinzi_wa_tawi

Mdhamini (mwenye haki ya kupandisha) amekipitia na kukipandisha, mashine zote zimejenga. Nilidhani baada ya siku mbili kitaingia testing, ila ukurasa wake wa tracker unasema kimezuiwa: `autopkgtest for python-lingine: amd64: Regression`. Hicho kifurushi (jina nimelibadilisha) si changu.

---

mjusi_wa_C

Hesabu yako ya siku ni sahihi. Upandishaji wa dharura ya kati husubiri siku 5, na ukiwa na autopkgtest zinazopita unapunguziwa 3. Lakini majaribio ya kila kinachokutegemea yanaendeshwa dhidi ya toleo lako jipya, na kimoja kikianguka ilhali kilikuwa kinapita, mlango unafungwa. Hapa ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo, la kujua kama umevunja vya wengine. Kabla ya upandishaji ujao orodhesha kwa `reverse-depends python3-mfano` na `build-rdeps python3-mfano`, kisha vijenge vyote kwa `ratt` ukiipa faili lako la .changes.

Kwa sasa fungua logi kwenye ci.debian.net, nenda chini kabisa, upande hadi `Traceback` ya kwanza. Kutoka 2.1 hadi 2.4 huenda kuna kazi iliyoondolewa. Kama kosa liko kwako, tengeneza kiraka na upandishe `-2`. Kama lingine ndilo linaloita kitu ambacho mradi ulishatangaza kukiondoa, ripoti kosa kwa mtunzaji wake, ambatisha kiraka, na kama yuko kwenye timu ya Python muulize kwanza kabla ya kugusa hifadhi yake.

Likisharekebishwa, tuseme kwenye 1.8-2, ongeza kwako kwenye sehemu ya python3-mfano:

```
Breaks: python3-lingine (<< 1.8-2~)
```

Mstari huo unamzuia mtumiaji asibaki na lingine la zamani pamoja na mfano mpya, na unaifanya programu ya uhamishaji ivipime viwili hivyo pamoja, vyote vikitoka unstable. Usiweke Breaks kabla ya 1.8-2 kuwepo, utakuwa umefunga mlango na ufunguo uko ndani. Ile `~` mwishoni iache, inaruhusu na matoleo ya backports, yaani yaliyojengwa upya kwa ajili ya Debian thabiti.